Choo cha mboji au choo cha kutenganisha mkojo: utaweza kuishi na kipi?

Ukianza kuulizia choo kisichotumia maji, jambo la kwanza utakaloambiwa ni mbolea: utapata kiasi gani, itakusaidia vipi shambani. Mbolea ipo kweli, na nitaifikia. Lakini nimeishi na vyoo vya aina zote mbili ninazozilinganisha hapa, nimewasaidia watu kadhaa kujenga vyao, na nimeona vingine vikigeuzwa stoo ya majembe. Havikuachwa kwa sababu mbolea ilikuwa chache. Viliachwa kwa sababu siku chemba, yaani chumba cha chini kinachopokea kinyesi, ilipojaa, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa tayari kuufungua mlango wake wa nyuma.

Kwa hiyo nitaanzia kwa mtumiaji: anachokiona, anachokinusa, anachokigusa, na anachowaza pale mgeni anapouliza choo kiko wapi.

Vyoo vyenyewe

Choo cha mboji hupokea vyote pamoja, haja kubwa na haja ndogo. Kila anayemaliza humwagia maranda ya mbao, pumba au majani makavu, kisha hufunika. Lengo ni kuozesha: vijidudu hula kinyesi pamoja na yale maranda mpaka vyote vinakuwa kitu kama udongo mweusi. Ili kazi hiyo ifanyike panatakiwa hewa na unyevunyevu wa kiasi. Wazo hili si la jana. Rikard Lindström, Mswidi, alijenga chake mwaka 1939, tanki kubwa lenye sakafu ya mteremko ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Clivus Multrum, na baadhi ya vyoo vya mboji vinavyouzwa leo vimefuata mtindo wake.

Choo cha kutenganisha mkojo kina kiti chenye sehemu mbili. Mbele, mkojo huingia kwenye bomba na kwenda kwenye dumu au tanki. Nyuma, kinyesi huanguka kwenye chemba kavu, na mtu humwagia majivu au chokaa. Hapa lengo ni kukausha, wala si kuozesha. Vietnam ilianza kueneza vyoo vikavu vya chemba mbili vijijini mwaka 1956: chemba moja ikitumika, ya pili imefungwa inapumzika.

Wengi huviita vyote viwili choo cha mboji, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Mtu anamwaga maji kwenye chemba inayotakiwa kukauka, au anamimina majivu kwenye lundo linalotakiwa kuoza. Majivu mengi huwadumaza wale wale vijidudu unaowategemea. Kabla ya kununua chochote, hakikisha unajua kama unakausha au unaozesha, maana kila kitu kingine kinafuata hapo.

Matumizi ya kila siku

Hapa choo cha mboji kinashinda bila ubishi. Unakaa au unachuchumaa kama ulivyozoea tangu utotoni, unamwaga kopo la maranda, unafunika, unatoka. Mtoto wa miaka minne anajifunza kwa siku moja. Mgeni anaelekezwa kwa sentensi moja.

Choo cha kutenganisha kinadai shabaha. Mwanamume inabidi aketi, au awekewe sinki la mkojo la ukutani, kwa sababu akikojoa amesimama sehemu ya mkojo itaangukia nyuma na kulowesha chemba. Watoto ndio wanaopata taabu zaidi. Kiti kimepimwa kwa mwili wa mtu mzima, kwa hiyo mtoto akikaa mbele kidogo haja kubwa inaangukia upande wa mkojo. Mpwa wangu, akiwa na miaka mitano, alitoka chooni ananyata, akaninong'oneza, "Mjomba, imeingia kule mbele." Nikachukua kijiti, kitambaa na maji kidogo, nikamwambia hajakosea kitu, kiti ndicho kikubwa kwake. Baadaye tulimwekea kiti kidogo cha juu, tundu lake likiwa nyuma zaidi, na jambo hilo halikujirudia. Lakini uso wake siku ile sijausahau. Mtu mzima yakimpata hayo ugenini hasemi. Anaondoka, na safari nyingine anajizuia mpaka afike kwake.

Anayetawaza kwa maji ana swali la ziada, na wauzaji wengi wa viti hawaligusi. Kwenye choo cha kutenganisha, maji ya kutawaza hayatakiwi kuingia kwenye chemba wala kwenye tanki la mkojo. Panatakiwa sehemu ya tatu, yenye bomba lake linalopeleka maji kwenye kishimo cha changarawe au kwenye bustani ya maua. Viti vya sehemu tatu vipo. Tafuta hicho, usidanganyike kwamba "mtazoea kupangusa kwa karatasi". Kuchamba ni tabia iliyoingia mwilini, na choo kitakachodai uiache hakitakaa. Choo cha mboji huvumilia maji kidogo ukiongeza maranda, ila familia nzima ikitawaza humo kila siku lundo litazama. Taulo za hedhi haziingii katika chochote kati ya hivyo viwili. Weka pipa dogo lenye mfuniko ndani ya choo chenyewe, pale mkono unapofika.

Kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu hauwafichi wala hauwasingizii watumiaji. Mwaka 2010 Judit Lienert na Tove Larsen wa taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag huko Uswisi walikusanya matokeo ya miradi 38 ya vyoo vya kutenganisha mkojo katika nchi 7 za Ulaya, watu 2,700 wakiwa wamehojiwa. Asilimia 80 walilipenda wazo lenyewe. Kati ya asilimia 75 na 85 waliridhika na umbo la choo, usafi, harufu na jinsi ya kukaa. Na bado asilimia 60 walikuwa wamepata matatizo. Zisome namba hizo kwa pamoja. Mtu anaweza kukipenda choo, akaamini faida yake, na bado kikamsumbua.

Sumbuko la kawaida ni bomba la mkojo kuziba. Mkojo ukikaa, madini yaliyomo hujenga ukoko mgumu mweupe ndani ya bomba, hasa kwenye kona. Bomba pana, mteremko wa kutosha, kona chache, na siki au asidi ya limau kila baada ya muda. Fundi akikupendekezea bomba jembamba lenye kona tatu ili lipite nyuma ya ukuta lisionekane, mkatalie.

Harufu

Kila anayeuliza kuhusu vyoo hivi huuliza harufu kabla ya kitu kingine, na ana haki. Kinachonuka sana ni mchanganyiko wa mkojo na kinyesi uliokosa hewa. Ukivitenganisha, kinyesi kilichofunikwa kwa majivu kikaanza kukauka hunuka kidogo mno. Mkojo nao ukikaa siku chache hutoa amonia, kwa hiyo harufu inahamia kwenye tanki na bomba. Bomba liingie mpaka karibu na kitako cha tanki, na tanki lifungwe vizuri. Kwenye choo cha mboji, maranda ya kutosha na bomba refu la hewa lenye wavu juu huimaliza kazi. Lundo likilowa likakosa hewa, litanuka kama bwawa lililooza, na nzi watakuja.

Ukinilazimisha nichague, choo cha kutenganisha kikitumiwa vizuri kinanuka kidogo kuliko cha mboji. Cha mboji kikitumiwa vibaya kinarekebishika upesi kuliko cha kutenganisha: gunia la maranda makavu, siku chache, na mambo yanatulia. Chemba kavu ikishageuka uji, utahangaika nayo wiki nyingi.

Siku ya kumwaga

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu vyoo vingi hufia hapa.

Kinyaa hakishindwi kwa maelezo. Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa watu vipande viwili vya chokoleti ile ile, kimoja kikiwa cha umbo la kawaida na kingine kimefinyangwa kama kinyesi cha mbwa. Watu walijua wazi kwamba ni chokoleti. Hata hivyo, kile chenye umbo la kinyesi hawakukitaka. Jicho lilishaamua kabla ya akili kusema. Valerie Curtis, aliyefundisha katika chuo cha afya na tiba ya kitropiki cha London, alitumia miaka mingi kueleza kwamba kinyaa hiki ni kinga tuliyorithi: waliojitenga na kinyesi waliugua kidogo, wakaishi. Kwa hiyo mwenzako akikataa kushika koleo usimwite mshamba wala mvivu. Mwili wake unafanya kazi uliyoumbiwa.

Swali basi ni hili: siku ya kumwaga, jicho litaona nini?

Nilipofungua chemba yangu ya kwanza ya choo cha kutenganisha, ilikuwa imefungwa mwaka mzima na miezi miwili. Nilivaa buti, glavu ndefu, kitambaa usoni. Nilichokikuta kilikuwa cha kijivu, kikavu, kinachovunjika kwa koleo kama udongo wa kichuguu. Hakikunuka chochote zaidi ya vumbi na majivu. Ila karatasi zilikuwepo, zimekauka lakini zinajulikana kuwa ni karatasi za nini, na hapa na pale palikuwa na bonge ambalo umbo lake halikuwa limepotea. Nilimaliza kazi kwa chini ya saa moja. Mwenzangu aliyekuja kunisaidia alisimama hatua tano nyuma, akasema, "Naona kabisa ni kakavu, lakini siwezi." Alikuwa anasema kweli.

Chemba ya mboji iliyopumzika muda kama huo ilinipa picha nyingine kabisa. Kitu cheusi, chenye unyevu kidogo, kinanukia udongo wa msituni baada ya mvua. Hakuna umbo lililosalia. Yule yule mwenzangu aliinama, akakichukua kiganjani akiwa na glavu, akakipepeta. Kama kinachokutisha ni kuona, choo cha mboji chenye chemba mbili kina unafuu mkubwa. Nasisitiza mbili, au mapipa mawili ya kubadilishana. Vile vyoo vidogo vya chemba moja, ambamo kinyesi cha leo asubuhi kiko juu ya mboji ya mwaka jana, vinamlazimu anayemwaga kukutana na cha asubuhi. Kila niliyemsikia akijuta kununua choo kikavu alikuwa na hicho.

Lakini jicho lile lile linadanganya, na hili ni la afya, tusilipite haraka. Kitu kinachofanana na udongo si lazima kiwe salama. Mayai ya minyoo ya askaris ndiyo sugu kuliko vyote. Yanaweza kubaki hai kwenye mboji inayonukia vizuri. Ili kuyaua kwa kuozesha, lundo linatakiwa kupanda zaidi ya nyuzi joto 50 kwa wiki nzima au zaidi, na chemba ndogo ya nyumbani ni nadra kufika hapo, kwa sababu lundo ni dogo na linaongezwa kidogo kidogo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataja muda wa kuhifadhi badala ya mwonekano. Kwenye nyuzi joto 2 hadi 20, mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwenye nyuzi 20 hadi 35, zaidi ya mwaka mmoja. Na pale majivu au chokaa vimepandisha pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi, kupita 9, zaidi ya miezi sita, mradi joto limezidi nyuzi 35 na unyevu uko chini ya asilimia 25; pakiwa na unyevu zaidi, muda unaongezeka. Kwa maneno mengine, lile vumbi la kijivu lililomtisha mwenzangu lilikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuaminiwa kuliko mboji changa inayopendeza macho. Andika kwa chaki kwenye mlango wa chemba tarehe uliyoifunga. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Vietnam inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Huko wakulima wengi hawakuwa na tatizo la kukikubali kinyesi kama mbolea, walikuwa wanaithamini. Tatizo lilikuwa kwamba wizara ya afya iliagiza miezi sita, na msimu wa kupanda haukusubiri miezi sita, kwa hiyo chemba zilifunguliwa mapema. Kinyaa kikizidi, choo kinaachwa. Kikipungua mno, minyoo inarudi shambani. Ukiwa na familia inayoipenda mbolea, jenga chemba kubwa zaidi ili usibanwe na msimu.

Sasa hesabu ambayo sikuipiga mapema, na ningeipiga ningejipanga vizuri zaidi. Mtu mmoja hutoa takriban lita 50 za kinyesi kwa mwaka, na takriban lita 500 za mkojo. Nyumba ya watu watano: lita 250 za kinyesi kabla hakijakauka, kazi ya siku moja kwa mwaka. Mkojo: lita 2,500. Hayo ni madumu 125 ya lita 20, zaidi ya mawili kila wiki, na kila moja lina uzito wa mtoto wa miaka mitano au sita. Watu huogopa siku ya chemba, kumbe kinachowachosha ni dumu la kila Jumamosi. Kama huna bustani ya kulipokea, au hutaki kulibeba, elekeza bomba kwenye kishimo cha changarawe mbali na kisima na ukubali kwamba sehemu kubwa ya mbolea umeiacha iende.

Choo cha mboji hakina madumu, ila nacho kina majimaji yake. Mkojo usiofyonzwa na maranda hushuka chini, ukatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yaliyopita katikati ya kinyesi kibichi. Hayo si mkojo safi. Ni machafu kuliko mkojo kwa mbali sana, na ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya choo cha mboji. Muulize muuzaji yanakwenda wapi. Akisema "yanakauka yenyewe", muulize tena, mara hii kwa familia ya watu wangapi.

Mbolea, na atakayekula

Kwa mbolea, choo cha kutenganisha kiko mbele. Takriban asilimia 80 ya naitrojeni anayoitoa mtu iko kwenye mkojo, na kama nusu ya fosforasi, ingawa mkojo ni chini ya asilimia 1 ya maji taka yote ya nyumba. Ukiupunguza makali kwa maji, sehemu tatu hadi kumi za maji kwa moja ya mkojo, ukaumwaga kwenye udongo badala ya majani na kufukia juu yake, mimea inaonyesha tofauti haraka. Mboji ni kitu kingine: naitrojeni nyingi imeshapotea hewani kama amonia, lakini inaupa udongo mwili, inashika maji, na udongo wa kichanga unaihitaji kuliko naitrojeni. Ardhi yako ndiyo itakayosema inataka nini.

Upande wa mitazamo kuna jambo lililonishangaza katika ule utafiti wa Ulaya. Asilimia 85 walisema mbolea ya mkojo ni wazo zuri, na asilimia 70 wangenunua chakula kilichooteshwa nayo. Miongoni mwa wakulima ni nusu tu waliosema wazo ni zuri. Tumezoea kudhani mlaji ndiye mwenye kinyaa, kumbe anayesita ni mwenye shamba. Namwelewa: yeye ndiye atakayebaki na mazao mkononi mnunuzi akikataa, na kanuni za vyeti vya kilimo zinambana. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haziruhusu kinyesi wala mkojo wa binadamu. Kama unauza mazao, muulize mnunuzi wako na msimamizi wa cheti chako kabla ya kuchimba msingi.

Kwa bustani ya nyumbani mambo ni mepesi. Miongozo ile ya 2006 inakubali familia kutumia mkojo wake kwa mazao yake yenyewe bila kuuhifadhi kwanza, mradi upite mwezi mmoja kati ya kumwagia na kuvuna. Ukiwa na mkojo wa watu wengi na chakula cha kuuza, uhifadhi miezi sita kwenye nyuzi joto 20 au zaidi. Watu huniuliza sana kuhusu dawa za hospitali, kwa kuwa mabaki ya dawa nyingi hutoka kwa mkojo. Ninachofanya mimi ni kwamba mtu wa nyumbani akiwa kwenye tiba nzito, mkojo wake hauendi kwenye mboga. Uswisi walilitatua kwa kiwanda: Aurin, mbolea inayotengenezwa kutokana na mkojo, hupitishwa kwenye mkaa unaonasa mabaki ya dawa kisha huchemshwa na kupunguzwa maji, na mwaka 2018 iliruhusiwa kutumika kwa mazao ya chakula. Pia imetiwa kwenye chupa yenye lebo, na naamini hilo lina uzito wake. Ni ile chokoleti ya Rozin, safari hii imerudishiwa umbo lake la kawaida.

Heshima

Baada ya kipindupindu cha mwaka 2000 katika KwaZulu-Natal, manispaa ya eThekwini, yaani Durban na viunga vyake, ilijengea kaya zaidi ya 75,000 vyoo vya kutenganisha mkojo katika maeneo yasiyofikiwa na mabomba ya maji taka. Kama kazi ya kuzuia ugonjwa, ni jambo kubwa lililofanywa. Utafiti uliopita kwenye kaya zaidi ya 17,000 na kuchapishwa 2013 ulikuta watu wengi hawajaridhika, harufu ikiwa miongoni mwa malalamiko. Kumwaga chemba kulikuwa kumeachwa kuwa kazi ya mwenye nyumba. Na watu walikuwa wanajua kwamba kule mjini, ndani ya manispaa hiyo hiyo, jirani anabonyeza kitufe na kila kitu kinatoweka. Choo kinaweza kuwa kizuri na bado kikamwambia mtu kwamba yeye ni wa daraja la pili.

Huko Erdos, Mongolia ya Ndani nchini China, mradi ulioshirikisha taasisi ya utafiti ya Stockholm uliweka vyoo vikavu vya kutenganisha kwenye maghorofa, nyumba zaidi ya 800. Harufu na kasoro za ujenzi ziliwachosha wakazi, na baada ya miaka michache vyoo vile viling'olewa vikawekwa vya kuvuta maji. Sasa linganisha na maelfu ya nyumba za mapumziko za Skandinavia, ambako watu hununua vyoo vikavu kwa hiari yao na kuishi navyo miaka nenda miaka rudi. Ufundi unakaribiana. Wa Skandinavia walichagua, wa Erdos walipangiwa. Kama ndani ya nyumba yako wewe ndiye unayechagua na wengine ndio watakaopangiwa, zungumza nao kabla fundi hajaja.

Kama hakuna atakayegusa

Zipo njia mbili za kuvuna bila kumwaga. Ya kwanza ni ile iliyoenezwa na Peter Morgan wa Zimbabwe, inayojulikana kama Arborloo: shimo fupi la kama mita moja, kibanda chepesi juu yake, udongo na majivu kila baada ya matumizi. Likikaribia kujaa unahamisha kibanda, unafukia kwa udongo, unapanda mti. Hakuna koleo litakalogusa kitu. Kinahitaji eneo, na maji ya ardhini yasiwe karibu. Kwa mwenye nafasi na mwenye kinyaa, sijaona kinachokizidi.

Ya pili ni choo cha ndoo kinachohudumiwa: kampuni inakuja kila wiki, inachukua ndoo iliyofungwa, inaacha safi. Shirika la SOIL huko Haiti hufanya hivyo na kuozesha kwa malundo makubwa yenye joto, yale ambayo chemba ya nyumbani haiwezi kuyafikia. Kampuni ya Sanergy ya Nairobi imetumia kinyesi kulisha funza wa nzi askari weusi wanaogeuzwa chakula cha mifugo. Wewe hupati mbolea, lakini inapatikana. Ila jiulize siku watakapokosa kuja wiki mbili utafanya nini.

Chaguo langu kwa kila nyumba

Nyumba yenye watoto wadogo, wageni wengi, na mtu mmoja tu aliye tayari kushika koleo: choo cha mboji, chemba mbili, na njia ya majimaji iliyopangwa tangu mwanzo. Bustani kubwa, watu wazima wachache wenye subira, hali ya hewa kavu, majivu yasiyokosekana: choo cha kutenganisha, na sinki la mkojo la ukutani. Nyumba inayotawaza kwa maji inaweza kwenda kokote, lakini kama ni cha kutenganisha basi kiti cha sehemu tatu, la sivyo usijenge. Nyumba ya kupanga sipendekezi chochote cha chemba. Mpangaji anayefuata atakikuta kimejaa, na hakukichagua.

Na kabla ya kulipa hata msingi, fanyeni jaribio la wiki mbili. Ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya haja kubwa na ya pili ya mkojo, kiti cha mbao juu, gunia la maranda pembeni. Watumie wote wa nyumbani, pamoja na yule anayenuna, na kila mtu apate zamu yake ya kutoa ndoo na kuzika kilichomo. Siku ya kumi na nne kaeni, na aanze kusema yule aliyekuwa na zamu ya mwisho.